Mmoja Abaki, Mmoja Atafute

Nimestaafu, na bado nashtuka. Watu hudhani miaka mingi ya chaki humfanya mwalimu awe kama gogo la mtoni, lisilojali linapogongwa. Mimi sikuwahi kuzoea. Nyinyi vijana wa chumba cha walimu, mliorithi kabati langu la kamba na vifuniko vya chupa, mmeniomba niandike kazi ilikuwaje. Nitaandika yaliyonishtua. Mengine nimeyasahau, na habari za vyeo mtazikuta kwenye mafaili ya ofisi, kama panya wamewaachia kitu.

Nilianza na darasa la hesabu katika shule moja ya Tshopo, mojawapo ya komini, yaani wilaya, za mji wa Kisangani. Siku ya kwanza niliandika swali ubaoni, na kabla sijaweka chaki chini binti mmoja wa mstari wa mbele akataja jibu. Lilikuwa sahihi. Nikamwuliza amelipataje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa amepataje pua.

"Madame, jibu iko vile."

Nikawauliza wenzake. Wote walikuwa na jibu lile lile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia. Nikabadilisha tarakimu mbili tu katika lile swali. Darasa likanyamaza kama kanisa baada ya ibada. Nilikuja kuelewa kwamba mwalimu aliyenitangulia alitumia maswali yale yale kila mwaka, na majibu yalirithishwa kutoka kwa kaka kwenda kwa dada, pamoja na sare. Nilikwenda ofisini moja kwa moja.

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alikuwa Papa Lisimo, mtu mfupi mwenye mwavuli asiouacha hata kiangazi. Nilimweleza huku natamani kulia. Yeye akacheka.

"Bon, ile jibu ilikuwa ya kaka yake," akasema. "Mwaka unakuya itakuwa ya mudogo yake. Wewe unataka kufanya nini?"

"Sijui, Papa."

"Alors, karibu Jumamosi. Kuya na vifuniko vya chupa."

Papa Lisimo alikuwa ametoka kwenye mafunzo fulani, akarudi na wazo ambalo wakati ule nililiona kichaa: kuwafundisha watoto namna ya kufikiri ya kompyuta katika shule isiyokuwa na kompyuta. Alisema mashine haihitajiki. Linalohitajika ni mtoto kulikata jambo kubwa vipande vidogo, kuvipanga, kuvijaribu, na kurudi nyuma kutafuta kilipoharibika. Kifuniko kikitazama juu ni moja, kikitazama chini ni sifuri. Kwa vifuniko vinane mtoto anaandika herufi za jina lake, moja baada ya nyingine. Ushauri wangu kwenu: chukueni vifuniko vya kinywaji kimoja tu. Mkichanganya, nusu ya ateliye, yaani kipindi chenu cha Jumamosi, itapotea kwa kugombania vile vyekundu.

Kompyuta zilikuja baadaye, zawadi ya wafadhili, zimefungwa nailoni. Shule yetu iko karibu na mto wenye bwawa la umeme. Tulisikia maji yakinguruma mchana kutwa, na soketi ukutani imenyamaza. Mwishowe Papa Lisimo aliziweka zile skrini juu ya turubai la ateliye ili upepo usilibebe. Ilikuwa kazi yao ya kwanza, na walimu tulikubaliana kwamba waliifanya vizuri.

Zoezi nililolipenda kuliko yote lilikuwa la liboke. Watoto waliandika maagizo ya kufunga samaki kwenye majani na kumwoka, nami niliyafuata bila kuongeza akili yangu hata kidogo. Mara ya kwanza kikundi kimoja kiliandika: "Funga samaki katika majani, weka kwenye moto." Nikamchukua samaki na magamba yake na matumbo yake. Majani hayakuambiwa yapitishwe motoni kwanza yalegee, basi yakapasuka mkononi mwangu. Kamba haikutajwa, sikufunga. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama mlangoni akashika kichwa.

"Mungu wangu! Madame hajue kupika?"

"Mama, ninafuata batoto yako," nikamjibu.

Watoto walipiga kelele, wakakimbilia karatasi zao kuongeza yaliyokosekana. Waliandika kila kitu, pilipili, chumvi, kamba, na mtoto mmoja akaandika pia kwamba mpishi anawe mikono. Hakuna aliyeandika samaki atolewe motoni lini. Nilimwacha hadi akawa mkaa. Harufu ile ilikaa darasani wiki nzima, na prefe alidai inasaidia kumbukumbu.

Zoezi lingine lilikuwa la kutafutana. Tuliwafunga macho watoto wawili kwa vitambaa, tukawaweka pembe mbili za uwanja, na kuwaambia wakutane bila kusema neno. Wote wawili walianza kutembea, kila mara. Walipishana kwa upana wa mkono, mmoja akienda alikotoka mwenzake, na sisi tukicheka hadi mbavu ziume. Katika miaka yangu ya mwisho nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Furaha. Wazazi wake walihamia Kisangani kutoka Maniema, naye alikuwa mtoto wa maneno machache ambaye husugua kidole gumba kwenye kidevu anapofikiri. Zamu yake ilipofika, alimvuta mwenzake kando kabla hawajafungwa macho, akamnong'oneza. Kisha yule mwenzake akakaa chini kwenye pembe yake kama gunia, na Furaha akaanza kupita uwanja mstari kwa mstari, kama mtu anayelima, hadi goti lake likamgusa.

Nikamwuliza amefanya nini.

"Madame, yee anatafuta, na miye ninatafuta, tutakutana je? Mumoja abakie. Mumoja atafute."

Papa Lisimo, ambaye alikuwa amestaafu lakini hakukosa Jumamosi, aligonga mwavuli wake ardhini kwa furaha. Mimi niliduwaa. Mtoto alikuwa ameona pale ambapo mimi nilihitaji kusoma kitabu.

Mashindano yalizaliwa katika ateliye hizo. Mwanzoni zilikuwa shule mbili za mji zikiulizana maswali, kisha komini nyingine zikaingia, kisha Isangi. Isangi ilikuja kwa sababu ya mtu mmoja, Maître Jérôme. Alikuwa kijana aliyeanza kazi kwetu, akajifunza vifuniko na kamba pamoja nami chini ya Papa Lisimo, kisha akarudi kufundisha kwao, huko chini mtoni. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa, na hakuwahi kumpa mtoto alama ya bure. Nilimwona akimnyima mpwa wake mwenyewe alama kwa sababu ya mshale mmoja wa mchoro wa hatua uliochorwa kinyume. Yule mtoto alilia. Jérôme alimpa leso, hakumpa alama.

Timu yake ya kwanza ilipokuja, watoto wa mji waliwatazama kwa dharau, maana walikuwa wametoka kwenye mashua wakinuka samaki wa kukaushwa. Jioni ile Isangi ilibeba kikombe. Walikuwa wamefanya mazoezi yote kwenye mchanga wa ukingo wa mto, wakichora kwa kijiti na kufuta kwa mguu. Nilimwuliza Jérôme siri yake.

"Mchanga, Madame," akasema. "Ku karatasi mutoto anaogopa kukosa. Ku mchanga anafuta tu."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa Jumamosi ya mashindano, asubuhi yenye ukungu. Ukumbi ulikuwa umejaa timu za mjini, maswali yamefungwa mkobani mwangu, na meza moja ilikuwa tupu, ya Isangi. Jérôme na watoto wanne wa timu yake walikuwa wamepanda baleinière, yaani zile mashua kubwa za mbao za injini zinazobeba watu na mizigo kwa pamoja. Mkewe, Mama Béa, alikuwa ametangulia mjini kwa dada yake, naye alikuwa ukumbini akitugawia karanga. Tulikubaliana kungoja kidogo. Mashua kuchelewa si habari.

Simu ya mwalimu mmoja ikalia. Akasikiliza, akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwepo.

"Baleinière ya Isangi," akasema akiwa sakafuni. "Imegonga muti ndani ya ukungu. Imezama. Karibu tu, hapa chini."

Sikumbuki nani alipiga kelele. Nakumbuka karanga za Mama Béa zikitawanyika, na yeye akiwa tayari nje, anakimbia, kitambaa cha kichwa kimebaki mlangoni. Tulimfuata sote, walimu na wanafunzi wa shule zote, hadi libongo, kule mashua zinakotia nanga.

Nilichokiona pale bado kinanijia. Wavuvi walikuwa wameokoa watu wengi kwa mitumbwi yao, lakini kila mvuvi aliwashusha palipokuwa karibu. Wengine walishushwa libongo letu, wengine kwenye fukwe ndogo za chini, wengine ng'ambo, Lubunga. Waliolegea walikwishapelekwa kwenye vituo vya afya, hakuna aliyejua vituo gani. Na familia zilikimbia. Mama alisikia kuna watoto Lubunga, akapanda mtumbwi kuvuka. Wakati huohuo mwanawe analetwa upande huu, analia, hamwoni, anaondoka kumtafuta. Niliona kwa macho yangu baba akitokea upande mmoja wa mabanda, binti yake mwenye blauzi iliyoloa akiishia upande wa pili. Niliita. Kelele zilimeza sauti yangu. Nilisimama pale mdomo wazi, mwalimu mzima, sijui hata mkono niupeleke wapi.

Furaha akanishika kiwiko.

"Madame, bote banatembea."

"Nini?"

"Bote banatembea! Bababa banatafuta, batoto banatafuta. Hapana kukutana." Alikuwa analia, lakini kidole gumba kilikuwa kidevuni. "Familia babakie hapa, bote, pahali pamoja. Sisi tutatafuta."

Nilimtazama. Nikasema, "Waambie."

Na wakawaambia. Wale watoto waliokuja kushindana, waliokuwa asubuhi hawasalimiani kwa sababu ya sare tofauti, waligawana kazi kabla mimi sijamaliza kupumua. Wenye sauti kubwa walipita wakiwaomba wazazi wakae mbele ya banda la chumvi. Mtu aliyeokolewa alisindikizwa hapohapo. Wengine wawili wawili walipanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, kila jozi na kituo chake cha afya, na agizo moja: ingia, uliza kila jina, rudi, sema. Jozi nyingine zilishuka ufukweni kwa miguu. Wavuvi waliwavusha wengine Lubunga. Mwendesha toleka mmoja aliuliza nani ameamuru haya yote.

"Batoto ya hesabu," mwenzake akamjibu. "Kanyaga!"

Wazazi walikuwa wagumu. Nani awezaye kumwambia mama akae chini mtoto wake akiwa majini? Baba mmoja alimsukuma Furaha, akaanguka kwenye tope. Akainuka, akamshika yule baba mkono.

"Papa, kama unatoka, mutoto akifika hapa atakuta nani?"

Yule baba alisimama. Baada ya muda mfupi, mwanawe aliletwa kwa toleka, amefunikwa blanketi. Sauti aliyotoa yule baba sitaisahau hadi nife. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyehitaji kushawishiwa.

Walianza kufika, mmoja baada ya mwingine. Kila jina lilipoitwa mbele ya banda la chumvi, mtu aliruka. Watoto wa Jérôme walifika pia, wawili kutoka Lubunga, mmoja kutoka kituo cha afya, na wa mwisho, kijana aitwaye Likuma, mgongoni kwa mvuvi. Likuma ndiye aliyetueleza. Mashua ilipoinama, Maître Jérôme aliwanyang'anya wafanyabiashara bidoni tupu za mafuta, yaani madumu, akampa kila mtoto moja, akawaambia wazikumbatie na wasiachie hata wakichoka.

"Alafu alirudia," akasema Likuma. Meno yalikuwa yanagongana. "Kulikuwa mama na mutoto ndani. Alirudia kuwachukua."

Yule mama na mtoto wake walikuwa wamekaa palepale mbele ya banda, hai.

Jua lilipanda, ukungu ukaisha, na mbele ya banda la chumvi watu wakapungua. Wapo waliobaki kwa sababu waliletewa habari mbaya, na ndugu zao waliwaondoa wakiwa wamewashika mabega. Mchana ulipogeuka, alibaki Mama Béa peke yake. Alikuwa amekaa juu ya gunia, kichwa wazi, anautazama mto. Jozi zote zilikuwa zimerudi, na hakuna kituo ambacho hakikuulizwa.

Nikamwendea. "Mama Béa, twende nyumbani kwa dada."

"Hapana, Madame. Batoto banasema nisitoke."

Alisema kwa upole, kama anayenikumbusha jambo ninalopaswa kulijua. Nikakaa kwenye gunia la jirani. Furaha alikuwa amesimama nyuma yetu, sare yake yote tope. Niliona uso wake ukibadilika alipoelewa.

"Madame," akaninong'oneza, "tulimwambia abakie. Hatukumwambia mpaka lini."

Nilidhani atakimbia, na ningemwelewa. Badala yake alizunguka, akapiga magoti mbele ya Mama Béa, akaweka mikono yake michafu juu ya magoti yake.

"Mama, ni miye nilisema ubakie."

"Ndiyo, mwanangu. Niko hapa."

"Sasa ni miye ninasema tutoke. Bavuvi bangali banatafuta. Hata ukienda nyumbani, batakuya kukuambia. Sitaacha bakukose. Tutoke, Mama."

Mama Béa akampa mkono, na yule binti akamwinua. Walitembea pamoja hadi barabarani. Mimi nilifuata nyuma, nimebeba viatu vya mtu nisiyemjua, sijui niliviokota wapi.

Wavuvi walimpata Jérôme siku ya tatu. Tulimrudisha Isangi kwa mto uleule, kwa sababu njia nyingine ni nani aliyeiona. Mimi huogopa maji tangu utoto. Safari ile sikuogopa kitu, nilikuwa nimeganda. Watoto wake wanne walikaa karibu na jeneza hadi tulipofika, na hakuna mzazi aliyewakataza.

Kesho yake baada ya maziko, Likuma alikuja nilipokuwa nimefikia. Wenzake watatu walikuwa nyuma yake, wamevaa sare zilizopigwa pasi.

"Madame, maswali ya mashindano iko?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Maswali yalikuwemo mkobani. Hakuna aliyeyafungua, na sikuwa nimeutoa mkoba begani tangu Jumamosi. Lakini udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Nilishtuka, na nikiri nilikasirika kidogo pia.

"Mashindano yamefutwa, Likuma. Hakuna anayewadai kitu."

"Tunajua." Aliangalia chini, kisha akaniangalia. "Lakini siye tulitoka hapa kwa ajili ya ile. Siye hatuyafika, Madame."

Bado hawajafika. Ndivyo alivyosema.

Tulikwenda kwenye darasa la Jérôme. Mama Béa alileta ufunguo, akakaa mlangoni. Nikawapa karatasi, na wao wakainama. Walibishana kwa sauti ya chini, walifuta, walianza upya. Swali moja walitoka nje kulijaribu mchangani kwa kijiti, nami sikuwazuia. Sikuweka muda. Walipomaliza, waliikunja karatasi vizuri na kuileta kwangu kwa mikono miwili, kisha wakasimama mstari kungoja.

Nilisahihisha palepale, kwenye meza yake. Swali la kwanza sawa. La pili sawa, na zuri. La tatu walikuwa wamekosea hatua moja, karibu na mwisho, kosa dogo ambalo mtu mwenye huruma angelifumbia macho. Niliinua uso. Wote wanne walikuwa wananitazama, na mlangoni Mama Béa alikuwa ananitazama pia, na nikajua wanachotaka kuona.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya kosa.

Likuma akaisogelea karatasi, akaitazama, akapumua.

"Onesha wapi, Madame," akasema, akavuta kiti.